UZI: Nimerudi kazini na mguu wa bandia, bosi anasema "kapumzike kwanza". Nidai nini, nianzie wapi?

MtunzaStoo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nitaandika kirefu mnivumilie, hili jambo nimelikalia wiki mbili sasa.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara, jina naliacha maana bado nakula hapo. Mwezi wa tatu nilikuwa natoka msibani Mikindani, Jumapili, nimepanda bodaboda, tukavaana na lori. Dereva wa boda alichubuka tu, mimi mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Goti limebaki, wanaojua haya mambo watanielewa kwa nini nasema alhamdulillah.

Nikauguzwa, nikapelekwa Dar nikatengenezewa mguu wa bandia, nikafundishwa kutembea upya kama mtoto, nikarudi kazini siku ya 118 tangu ajali. Siku ile nimevaa suruali ndefu, nimepanda zile ngazi tatu za stoo kwa kushika ukuta, nikakaa kwenye kiti changu nikafungua leja. Saa nne bosi akaniita. Hakuwa mkali hata kidogo na hilo ndo linanisumbua zaidi. Akasema "kijana wangu kapumzike kwanza, msimu ukianza tutakuona". Hakuna barua hakuna nini. Wenzangu wananipa mkono kama wamekuja kunizika, kuna mama mmoja wa kwenye kumenya alilia kabisa.

Sasa wakuu, kazi ya mtunza stoo ni kupokea magunia, kuhesabu, kuandika, kutoa vifungashio, na kugombana na vibarua. Mimi hata nilipokuwa na miguu miwili sijawahi kubeba gunia. Hiyo ya kupumzika inatoka wapi? Na kama nina haki ya kudai kitu, nidai kitu gani hasa maana nikisema tu "nisaidieni" naonekana naomba sadaka.

Kuchele Original

Pole sana mkuu. Ila tuongee ukweli, biashara ya korosho yenyewe unaijua, mwenye kiwanda anabangua miezi michache halafu mashine zinalala. Unataka aanze kubomoa majengo kwa ajili ya mtu mmoja? Mi ningekuwa wewe ningeenda halmashauri nikachukue ule mkopo wa mapato yao ya ndani, si kuna 4% ya wanawake 4% vijana na 2% ya watu wenye ulemavu, fungua duka lako pale Mkanaledi ukae kwenye kiti ule maisha.

MtunzaStoo

Ahsante mkuu lakini wewe ni mtu wa tisa kuniambia nifungue duka. Kabla ya ajali hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nina sura ya duka. Mimi nina kazi tayari, nina miaka sita pale.

Babu wa Mkanaledi

Hahaha hapo kwenye sura ya duka umenimaliza.

Sikiliza kijana, mimi nimekuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi miaka mingi, nimestaafu, lakini haya nimeyabeba sana kwenye mkoba. Nakupa kwa mpangilio wa haraka yake, sio wa uzuri wake.

Kitu cha haraka kuliko vyote: USIKAE NYUMBANI BILA KARATASI. Hii "kapumzike kwanza" ya mdomo ni shimo. Kanuni za utendaji bora za ajira zile za 2007 (Tangazo la Serikali, GN Na. 42) zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana kuwa kosa kubwa. Leo anakuambia kapumzike mwanangu, baada ya mwezi faili lako limeandikwa mtoro. Nimeyaona haya kwa macho yangu, mtu anakuja analia "lakini bosi mwenyewe alinituma nyumbani", shahidi nani? Hakuna. Kesho asubuhi andika barua fupi, "kufuatia maelekezo yako ya tarehe fulani kwamba nipumzike, nathibitisha kuwa niko tayari na naweza kufanya kazi yangu, naomba maelekezo kwa maandishi". Peleka nakala mbili, moja wakugongee mhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga ipige picha ukiwa pale masijala, itume pia kwa WhatsApp ya afisa utumishi, ile tiki mbili nayo ni ushahidi.

La pili, siku zako za ugonjwa. Sheria ya ajira inatoa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Umerudi ya 118, kwa hiyo ulikuwa bado ndani. Umefanya vizuri sana kuhesabu. Wengi wanajua tu "nilikuwa naumwa".

La tatu WCF, mfuko wa fidia. Watu watakuambia kimbilia huko. Ule ni wa madhara yanayotokana na kazi, wewe ulikuwa unatoka msibani Jumapili, usipoteze nauli.

La nne ndo lako lenyewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Hii inamtaka mwajiri asimbague, na amwekee mfanyakazi mazingira ya kufanyia kazi, na pia mtu akipata ulemavu akiwa kazini tayari sio kwamba ajira imekufa siku hiyo. Na zile kanuni za 2007 zinasema kabla hujamwachisha mtu kwa sababu ya afya uangalie kwanza kama kazi yake inaweza kurekebishwa au kama kuna nafasi nyingine anayoweza. Bosi wako hajaangalia chochote, ameangalia suruali yako tu.

Kuchele Original

Mzee shikamoo. Sawa sheria ipo, nani anaifuata? Ile ya 3% si ipo tangu hiyo 2010, mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea lazima asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Nitajie viwanda vya huku vyenye hiyo 3.

Babu wa Mkanaledi

Marahaba. Haifuatwi ukikaa kimya, ndo jibu langu. Na pigeni hesabu wenyewe: kiwanda cha watu 120, asilimia 3 ni watu 3.6, tuseme wanne. Mtunza stoo mmoja aliyepo tayari, anayejua kila gunia limelala wapi, ukimfukuza umejiongezea deni la kutafuta wanne badala ya watatu. Mwambie bosi hivyo, lugha ya hesabu wanaielewa.

KaraniWaMzani

Pole kaka. Mimi niko Tandahimba, ni mwenye ualbino, msimu wa korosho nafanya ukarani kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kupima na kuandika.

Nakupa la kwangu labda litakusaidia namna ya kuomba. Mwaka wa kwanza meza ya mzani ilikuwa nje kwenye uwanja, mkulima analeta gunia linapimwa naandika. Kuanzia saa nne jua la mwezi wa kumi la huku mnalijua. Nilikuwa narudi nyumbani ngozi ya shingo imetoka kama ganda la kiazi, na macho yananichezacheza zile namba za mzani wa dijito sizioni kwa mng'ao, nikawa namuuliza mkulima "inasoma ngapi" unaona hatari yake? Mkulima ndo ananitajia kilo zake mwenyewe 😂. Mwenyekiti akasema huyu binti haoni, tumtoe.

Nikamwambia mwenyekiti namba naziona, jua ndo linanizuia. Nikaomba vitu vitatu tu: meza ihamie chini ya turubai upande wa ukuta wa ghala wenye kivuli mchana, mzani ugeuzwe kioo chake kiwe na mgongo kwa jua, na mimi nianze saa 12 asubuhi nipumzike saa 6 mpaka 9 niendelee jioni. Kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu nilikuwa navyo, losheni ya jua ile ya KCMC Moshi, Kilisun, napata kupitia chama chetu ikiwepo. Nikianza kuona namba zimekaa vibaya naipiga picha na simu naikuza. Turubai lilikuwepo tayari ghalani, hakuna aliyetoa hata mia. Msimu ule hatukuwa na malalamiko hata moja ya kilo. Na wale wanaume wa kubeba wote wakawa wanakuja kupumzikia kwenye turubai langu mpaka inabidi niwafukuze.

Kwa hiyo kaka usiseme "nisaidieni". Sema kitu chenyewe, kiko wapi, kinafanyaje.

MtunzaStoo

Dada nimekupata vizuri mno. Ngoja nikae nitafakari siku yangu inakwama wapi.

Mwenye Gesti

Mimi ni mwajiri, nina gesti na jiko hapa Lindi mjini, watu 11 tu kwa hiyo hiyo 3% hainihusu, lakini nataka nikiri kitu.

Nilikuwa na kijana wa jikoni, mpishi mzuri sana wa samaki, siku moja akaanguka kifafa mbele ya jiko la mkaa. Hakuungua, tulimvuta. Wapishi wenzake wakataka kumsukumia kijiko mdomoni, bahati nzuri kulikuwa na mgeni mmoja muuguzi akapiga kelele msimtie kitu mdomoni, mlazeni ubavu, angalieni saa, ikizidi dakika tano hospitali. Iliisha kama dakika mbili.

Kesho yake mimi kwa huruma yangu nikamhamishia kufua mashuka. Sikumuuliza. Nilidhani nimemlinda. Kijana akawa mnyonge, mwezi wa pili akaaga. Siku anaondoka ndo akaniambia, "bosi mimi huwa nadondoka nikikosa usingizi, wiki ile ulinipanga zamu ya usiku siku nne mfululizo". Yaani tatizo lilikuwa ratiba yangu mimi mwenyewe! Ningemtoa zamu ya usiku na nikampa meza ya kukata na kuunga badala ya kusimama kwenye mkaa, leo ningekuwa nae. Samaki wa pale kwangu mpaka sasa hawajarudi kuwa wale.

Kwa hiyo huyo bosi wako inawezekana kabisa sio mbaya, ni kama mimi.

SikioLaLindi

Mwenye Gesti umesema jambo. Huruma isiyouliza inatufukuzisha kazi kuliko chuki.

Mimi sioni kabisa, niko ofisi moja ya umma mkoa wa Lindi, naandika hapa kwa simu na TalkBack inayonisomea kioo, kwa hiyo mkiona herufi zimepishana mnisamehe. Kompyuta ya kazini nimeweka NVDA, ni programu ya kusoma kioo kwa sauti, ya bure kabisa, naiweka kwenye flashi natembea nayo. Watu wanadhani kumwajiri asiyeona ni kununua mitambo ya mamilioni. Mtambo wangu wa gharama kubwa ni hedifoni, na naivaa sikio moja tu ili lingine lisikie wanaoingia.

Mnajua kinachonishinda ni nini? Barua zilizoskaniwa. Mtu ameandika barua kwenye kompyuta vizuri kabisa, akaichapa, akagonga mhuri, akaiskani, akaituma. Kwako ni barua, kwa NVDA ni picha, inanisomea "grafiki" basi inanyamaza. Nimeomba kitu kimoja, kwamba kila barua ya skani iambatane na ile faili yake ya mwanzo ya kuandikia. Miaka miwili nakumbusha. Hakuna gharama, ni tabia tu, na tabia ni ngumu kuliko zege.

Na kingine, mtu akihamisha meza au ndoo ya deki aseme. Nimeshawahi kuingia kwenye beseni la chai.

Na salari slipu yangu. Ilikuwa inasomwa na mhudumu kwa sauti mbele ya watu, "haya mheshimiwa mkopo umekatwa laki..." Siku hizi natumiwa kwenye simu naisikiliza mwenyewe.

Kuchele Original

Beseni la chai 😂😂 samahani mkuu nimecheka sio vizuri

SikioLaLindi

Cheka tu, hata mimi nilicheka, chai ilikuwa imepoa.

Fundi Tofali

Wakuu mimi ni fundi ujenzi, nipo Mtwara, naomba niingilie hapo kwenye ngazi tatu. Mtunza stoo, mwambie bosi ajenge rampu. Lakini asijenge zile nnazoziona mjini, mtu kamwaga zege pembeni ya ngazi imesimama kama slaidi ya watoto, anapiga picha anasema tumejali walemavu. Kiti mwendo kikipanda pale kinarudi na mtu wake kichalichali.

Hesabu ni hii, kimo cha sentimita 1 kinadai urefu wa sentimita 12. Ngazi zako tatu nakadiria sentimita 17 kila moja, jumla 51, zidisha 12 unapata 612, yaani mita 6 na kidogo. Kama hamna nafasi ya mita 6 unaikunja katikati unaweka pa kupumzikia. Upana angalau mita moja na ushee. Juu USIPIGE NILI (ile saruji laini ya kung'arisha), nili ikipata maji ni sabuni, burura ufagio mgumu juu ya zege kabla haijakauka ikae mistari mistari. Pembeni weka kijikingo magurudumu yasitoke. Na mlango ukiwa chini ya sentimita 80 rampu yako ni pambo, kiti kinafika mlangoni kinagoma.

MtunzaStoo

Fundi ahsante sana kwa elimu, ila ngoja nikwambie kitu utashangaa. Mimi rampu sitaki.

Yaani kwa ajili ya wenye viti mwendo waijenge hata leo, ila kwangu mimi ngazi ni nafuu. Huu mguu wa bandia kifundo chake hakikunji kama cha kwako. Nikishuka mteremko unanisukuma goti mbele, nahisi kama mtu ananipiga teke kwa nyuma. Kwenye ngazi nikipata pa kushika napandisha mguu mzima kwanza, wa bandia unafuata, nikishuka wa bandia unatangulia. Wale wa mazoezi Dar walinifundisha hivyo hivyo. Tatizo la ngazi zetu hazina pa kushika, nashika ukuta umejaa vumbi la korosho unateleza.

Nimekaa jana usiku nikaandika siku yangu yote nikaona inakwama wapi, kama alivyosema dada wa Tandahimba. Mambo ni haya. Pa kushika kwenye ngazi. Halafu kigutu, hiki kipande cha mguu kilichobaki, miezi ya mwanzo kinavimba na kunywea, asubuhi mguu umebana saa nane umelegea, nalazimika kuuvua nifute jasho niongeze soksi, hili joto la Mtwara nisipofanya hivyo unatoka malengelenge na nikitoka malengelenge sivai mguu wiki nzima. Nauvulia wapi sasa? Mbele ya vibarua? Nahitaji dakika kumi mara mbili tatu kwa siku na kachumba chenye mlango. Halafu choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Sitaki kueleza zaidi, ila siku ile niliyorudi sikunywa maji asubuhi makusudi. Na mwisho vitabu vya leja viko rafu ya juu kabisa kwa kupanda ngazi ya mbao, hivyo vishuke tu.

Ndo hivyo. Nimeangalia nikasema kumbe ni vitu vinne, na mimi nilikuwa nimekuja humu nikidhani maisha yameisha.

Fundi Tofali

Aisee. Miaka 15 kwenye fani hakuna aliyewahi kuniambia hilo la kifundo. Naomba radhi nilikuwa nimeshamwaga zege kichwani.

Choo ni rahisi, beseni la kukaa juu ya lile tundu lililopo, shimo la majitaka ni lile lile. Bomba moja ukutani la kujishikia wakati wa kunyanyuka. Na mlango ufunguke kwa NJE, watu wanasahau hili, mtu akianguka ndani mlango wa kufungukia ndani unazuiwa na mwili wake mwenyewe hamuwezi kuingia kumtoa.

MsimamiziZamu

Niko kwenye ubanguaji pia (sio kiwanda chako nadhani 😅). Sisi tuna akina mama wanne viziwi kwenye kukata ganda. Zile mashine za kukata unakanyaga kwa mguu unabana kwa mkono, kisu kinapasua ganda, mafuta ya ganda yanarukia vidole yanababua. Mwanzoni msimamizi akitaka kuongea nao anawapiga begani kutokea nyuma. Mtu yuko kwenye kisu unamgusa begani ghafla! Mama mmoja alikosa kidogo kuacha kidole. Tukawageuza, sasa wanakaa wanatazama mlango, kila anayeingia wanamuona, na ukimtaka unagonga meza mara mbili anahisi mtikisiko. Ving'ora vya kuondoka tumeongeza na taa inayowaka waka. Folklifti njia yake imepigwa rangi ya njano sakafuni, hapo hata sisi tunaosikia tulikuwa tunakoswa koswa.

Maelekezo ya siku yanawekwa kwenye grupu la WhatsApp kwa maandishi kabla ya zamu. Ila nikiri hapa tumekosea kwanza, tulidhani kuandika kumemaliza, kumbe wawili hawakusoma sana, lugha yao ni ya alama. Tukawaomba watu wa CHAVITA, chama cha viziwi, watuelekeze, sasa hivi wasimamizi watatu tunajua alama za kazi: simama, hatari, badilisha kisu, leo mnalipwa. Hiyo ya mwisho nilijifunza haraka kuliko zote.

Nesi Mstaafu

Hamjambo wanangu. Mimi nilikuwa Newala miaka mingi.

Niongeze tu kwamba mnaongelea mguu na macho kwa sababu vinaonekana. Wako wafanyakazi ambao viungo vinawauma miezi na miezi, asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati, anaonekana mvivu. Chikungunya mnaijua? Jina limetoka hapa hapa kwetu, ni Kimakonde, ule mlipuko wa 1952 uliotambulika kwanza duniani ulikuwa uwandani Newala. Maana yake ni kile kinachompinda mtu. Homa inaisha kwa siku chache lakini viungo vinaweza kuendelea kuuma miezi. Mtu wa hivyo anachotaka ni kuchelewa kuanza kazi kwa lisaa limoja mpaka viungo vilegee, na kutokaa mkao mmoja kutwa. Haonekani mlemavu kwa hiyo hata kuomba anaona haya.

Na wewe mtunza stoo, huo mguu unaouhisi usiku wakati haupo, unawasha au unauma, usidhani umerogwa. Ni mishipa ya fahamu, wengi linawapata. Mwambie daktari kuna dawa.

MtunzaStoo

Shikamoo mama. Hilo sikulisema hapa wala nyumbani. Vidole vinawasha na havipo. Ahsante sana.

Babu wa Mkanaledi

Kijana barua ulipeleka?

MtunzaStoo

Nimepeleka babu, imegongwa mhuri. Afisa utumishi aliposoma ile "naomba maelekezo kwa maandishi" akaniangalia kwa miwani akaniambia subiri hapo hapo usiondoke. Nimeambatanisha na cheti cha daktari kinachosema naweza kazi ya kukaa na kusimama kwa vipindi, na karatasi moja ya vile vitu vinne.

Babu wa Mkanaledi

Safi. Wakikuachisha unazo siku 30 kwenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na ofisi yao iko hapo hapo Mtwara. Siku 30 kutoka kuachishwa, sio kutoka siku utakapomaliza kulalamika kwa ndugu. Natumaini hutafika.

MtunzaStoo (wiki tatu baadae)

Wakuu nimerudi kuleta mrejesho, wengi mmeniuliza inbox.

Tulikaa mimi, bosi, afisa utumishi na mwakilishi wa chama. Bosi aliposoma ile karatasi akasema "ni haya tu?" Nikamwambia ni hayo tu. Akanyamaza kidogo akasema yeye alikuwa anaogopa nitaanguka stoo halafu lawama zimwangukie. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenzake kitu, mimi najua nachoogopa yeye anajua anachoogopa.

Leja zimeshuka siku hiyo hiyo. Ile stoo ndogo ya makaratasi iliyokuwa imejaa maboksi ya zamani imetolewa vitu, ina mlango na komeo, ndo naingia kubadilisha soksi, na mama mmoja mnyonyeshaji ameomba awe anaingia humo kukamua maziwa tumepangiana zamu. Choo beseni limekuja, bado kufungwa. Hatujaafikiana kwenye muda. Kwa miezi miwili naingia saa mbili natoka saa nane mpaka kigutu kizoee, bosi anataka akate mshahara kwa masaa hayo, mwakilishi anasema masaa yafidiwe msimu ukichanganya maana huwa tunakaa mpaka usiku bila ziada. Hilo linaendelea, Babu nitakutafuta.

Bomba la ngazi limefungwa juzi. Fundi (sio wewe Fundi Tofali) aliweka moja, upande wa kulia ukiwa unapanda, likapendeza kweli. Nikapanda freshi kabisa watu wakapiga makofi. Jioni nageuka nishuke, bomba liko kushoto, kwenye mguu wa bandia, na mkono wa kulia ninaouamini unashika hewa. Nikasimama pale juu nacheka peke yangu. Nikamuita fundi nikamwambia shuka wewe kinyumenyume basi kila siku uone. Anarudi Jumatatu na bomba la pili.

Fundi Tofali

Kila ngazi ina kulia mbili mkuu, ya kupanda na ya kushuka. Na mi ningeweka moja vilevile nisiseme uongo. Mwambie bomba lizidi ngazi ya mwisho kwa sentimita 30 hivi, uanze kulishika kabla hujakanyaga.

MtunzaStoo

Nimemtumia meseji yako kama ilivyo. Rangi ya hilo la kwanza ilikuwa bado mbichi, shati langu la kazi lina mstari wa njano mgongoni mpaka sasa hivi, mke wangu anasugua na mafuta ya taa.